Jinsi ya Kugombana Kwenye Grupu na Bado Ukasalimiwa Sokoni

Msiba ulikuwa Nkoaranga, na mchango ulianza kukusanywa kwenye grupu la ukoo saa mbili usiku. Utaratibu kila mtu anaujua: wa kwanza anaandika namba moja, jina lake na kiasi, wa pili anakopi orodha nzima, anajiongeza chini, anairusha tena. Ikafika namba 14, shangazi yetu wa Ngaramtoni, shilingi 20,000, na pembeni ya jina lake vile viganja viwili vilivyoshikana. Dakika hiyohiyo ikaingia orodha ya binamu yetu wa Unga Limited. Namba 14 ilikuwa yeye. Wa 15 akakopi ile ya chini, wa 16 vilevile, na orodha ikakimbia hadi 23 bila shangazi.

Akaandika: "Naona nimefutwa." Hakuna aliyejibu, wengine walikuwa wanatafuta gari la kwenda msibani, wengine wanalaza watoto. Baada ya dakika sita akaandika: "Sawa." Ndipo ndugu mmoja aliyeko Dar akauliza, "Shangazi, umetuma hela au umeandika tu?" Kufika saa tano tulikuwa tumeshaiacha orodha, tumepita kwenye shamba aliloligawa babu, tumefukua nani hakufika hospitali mwaka ule na nani alikula ng'ombe wa mahari ya nani. Saa tano na dakika kumi simu ikanionyesha maandishi madogo ya kijivu: shangazi ametoka. Tangu mwaka 2022 WhatsApp huwaonyesha maadmini tu mtu anapolefti, kwa hiyo usiku ule tuliojua tulikuwa wawili. Wengine walijua siku ya maziko, walipomwona amesimama ng'ambo ya kaburi pamoja na majirani wa mume wake.

Hakuna aliyemfuta. Nilikuja kuyarudia mazungumzo yote polepole, ujumbe kwa ujumbe, nikaona kilichotokea: yeye na binamu walikopi orodha moja iliyoishia namba 13, wakati mmoja, mmoja yuko Ngaramtoni na mwingine Unga Limited, na kila mmoja akajiandika wa 14. Iliyochelewa kuingia ndiyo iliyofuatwa. Ukoo uligawanyika miezi minne kwa sababu ya vidole viwili.

Mwongozo huu umetoka kwenye namba 14. Nauandika kwa mtu yeyote aliye kwenye grupu la ukoo, la mtaa, la kikoba, la wazazi wa darasa la nne, la kwaya au la waliosoma pamoja, na ambaye amewahi kulala na moyo unadunda kwa sababu ya kitu alichokisoma kwenye kioo cha simu. Sikuahidi kwamba hutagombana. Nataka ugombane vizuri.

Anza hivi: kabla hujatafuta roho mbaya, tafuta kidole. Mtu hajajibu? Huenda bando limekata. Tiki mbili za bluu zimewaka na kimya kimetanda? Huenda simu anayo mtoto, anaangalia katuni. Ujumbe umefutwa? Watu wengi hufuta wakiona wamekosea herufi, na yale maneno yanayobaki, kwamba ujumbe huu umefutwa, yanatosha kumkesheza msomaji mpaka alfajiri. Taja sababu tatu za kawaida, kwa sauti, ukiwa peke yako jikoni. Ukikosa hata moja, ndipo ukasirike. Hasira itakusubiri, haiozi kama ndizi mbivu.

Watu wa mlima wetu wa Meru, hapa Arusha, waligombana vizazi na vizazi kabla ya simu, na walijua kugombana. Upande wa magharibi wa Meru wanaishi Waarusha, wakulima wa migomba na mahindi wanaosema Kimaa. Mwanaanthropolojia P. H. Gulliver alikaa nao miaka ya 1950, na mwaka 1963 akatoa kitabu kizima kuhusu namna wanavyomaliza magomvi yao. Alichokikuta ni kikao kisicho na hakimu. Ugomvi wa mpaka wa shamba, wa mahari au wa deni ulipelekwa barazani, na kila upande ulikuja na watu wake wa ukoo na wa rika, pamoja na wasemaji wao, malaigwanani. Hakuna aliyekuwa na uwezo wa kutoa hukumu na kumlazimisha mwenzake aifuate. Walizungumza mpaka wakakubaliana. Wasipokubaliana leo, walirudi siku nyingine.

Hata sasa ukipanda juu ya Ngaramtoni unaweza kukuta kikao cha namna hiyo chini ya mti. Anayesema amesimama na fimbo mkononi. Waliokaa kwenye majani wanamsikiliza, fimbo zao zimelala mapajani. Mzee anaanza kwa kusalimia, anaanza mbali, anataja mvua, anataja waliotangulia, anazunguka jambo kama mtu anayetafuta upande wa kuingilia kwenye boma. Kijana aliyetoka mjini huona mzee anapoteza muda. Mzee anawapa watu muda wa kupoa.

Baraza lile lina zamu ya kusema, lina uso wa mtu unayemsema, na lina mwisho. Grupu la WhatsApp linaweza kukupa watu 1,024 na lisikupe hata kimoja kati ya hivyo. Watu kumi wanasema kwa pamoja, hakuna anayemwona mwenzake, na ugomvi wa Machi unafufuka Septemba kwa skrinishoti. Kazi yako ni kuvirudisha vitu hivyo kwa mkono.

Tuseme kwanza zamu. Simu haina fimbo, kwa hiyo tengeneza ya kwako. Mimi natumia sufuria. Ujumbe ukinichoma, simu inaingia kwenye sufuria kavu, mfuniko juu, sufuria inapanda juu ya kabati, kisha nabandika chai kwenye sufuria nyingine. Chai ikishachemka, ikachujwa, ikanyweka, ndipo natoa simu. Mara nyingi nakuta mtu mwingine ameshajibu, tena vizuri kuliko ambavyo ningejibu mimi. Jirani yangu yeye hupukuchua mahindi. Mwingine anafua. Chagua kazi inayoshika mikono yote miwili, kwa sababu mkono ulio huru unarudi kwenye simu wenyewe.

Usiku usijibu kabisa. Andika unachotaka kuandika, lakini kwenye karatasi, halafu ulale. Mtu wa Arusha ana bahati ambayo ndugu yake wa Dar hana: asubuhi na mapema mlima mara nyingi uko wazi mpaka kileleni, zaidi ya mita 4,500, kabla mawingu hayajaushukia. Toka nje uutazame, uvute ile hewa ya baridi, kisha soma ulichoandika jana. Mimi huwa nabakiza sentensi moja kati ya sita. Na usitegemee kwamba simu itakuokoa ukishatuma. WhatsApp inakupa dakika 15 za kurekebisha ujumbe na siku mbili na kitu za kuufuta kwa wote. Skrinishoti inachukua sekunde moja.

Mji wetu umewahi kuwa nyumba ya subira ya namna hii, na ningependa watoto wetu walijue hilo kama wanavyojua Azimio la Arusha la 1967. Mazungumzo ya amani ya Burundi yalianza hapa Juni 1998 chini ya Mwalimu Nyerere, yakafikia pande 19, na ndani ya ukumbi walikuwemo watu ambao walikuwa wamezika ndugu zao kwa sababu ya waliokaa meza ya mbele yao. Mwalimu alifariki Oktoba 1999 kazi haijaisha. Nelson Mandela akaipokea, na mkataba ukasainiwa Arusha tarehe 28 Agosti 2000. Zaidi ya miaka miwili, kila upande unangoja zamu yake. Sisi tunataka suala la shamba la babu liishe kati ya taarifa ya habari na usingizi.

Uso ndio kazi ngumu zaidi. Kiswahili ni lugha ya sauti. Ukikiandika, nusu ya maana inabaki mdomoni. Chukua neno "sawa". Mama anayeuza ndizi Kilombero akikwambia "sawaaa" huku anakufungia mfuko, amekubali bei. Shangazi akiandika "Sawa" yenye nukta, amefunga mlango na kutia komeo. "Haya" inaweza kuwa ruhusa, inaweza kuwa kuaga, inaweza kuwa mtu amekata tamaa na wewe moja kwa moja. "Asante kwa taarifa" ni lawama iliyovaa suti. "Nimekuelewa", ikija peke yake, maana yake amekuelewa vibaya na hataki tena kusikia maelezo. "Mungu anaona" haihitaji tafsiri. Halafu kuna "hahaha" ya mtu ambaye hacheki, na kuna ile ya mtu anayejibu kwa kidole gumba kilichosimama chini ya ujumbe wako wa mistari ishirini.

Ukipokea neno fupi kutoka kwa mtu wa maneno marefu, usilijibu kwa maandishi. Mpigie. Salamu inafanya kazi ambayo hoja haiwezi. Mtu aliyetamka "Shikamoo shangazi" na kusikia "Marahaba mwanangu, hamjambo huko? Watoto?" hawezi, kwenye sentensi inayofuata, kumwambia mwongo. Koo linakataa. Usiku ule wa orodha tulikuwa watu zaidi ya arobaini tunaosoma, wote tuna namba ya shangazi, wengine tulikuwa na dakika za bure za kupiga, na hakuna hata mmoja aliyempigia. Kila nikifikiria hilo najua kwamba ugomvi ule ungeisha kabla ya saa tatu kama mmoja wetu angesema, "Shangazi, jina lako limerukwa, ngoja nilirudishe."

Ikiwa huwezi kupiga, basi anza ujumbe kwa salamu kamili, herufi zote. "Shkm" haimwamkii mtu yeyote. Mtaje kwa cheo chake cha ukoo: shangazi, baba mdogo, mama mkubwa, shemeji. Nimeona ugomvi ukipoa kwa sababu tu mtu aliacha kuandika "wewe" na kuandika "dada".

Jaribio lingine ni la kifodi, ile daladala ndogo. Kabla hujatuma, jiulize kama ungeyasema maneno hayo ndani ya kifodi cha jioni kinachotoka mjini kwenda Ngaramtoni, wewe na huyo mtu mmebanana kiti kimoja, magoti yanagusana, kuku wa abiria mwingine yuko kati ya miguu yenu na konda anasikiliza. Kama ungengoja mshuke Sakina mkasemee pembeni, basi na hapa ngoja, msemee pembeni. Mwenye jambo na mtu mmoja aende kwa mtu huyo mmoja. Wale wengine themanini mliowaita kushuhudia hawana cha kufanya isipokuwa kuchagua upande, na wakishachagua, hata ninyi wawili mkipatana wao wataendelea.

Kuna yule mtu wa kila grupu ambaye akiona jambo jema linaanza, analimwagia maji. Mtaa ukisema uchangie moramu ya barabara kabla ya masika, yeye ni wa kwanza kuandika: "Zitaliwa hizo." Wengi humrukia. Mimi nilikuwa namrukia pia, mpaka nilipomuuliza siku moja tukiwa dukani, uso kwa uso, kwa nini ana maneno hayo. Akanieleza mchango aliowahi kutoa mahali pengine, kiasi, mwaka, na jina la aliyeondoka nazo. Alikuwa ameliwa kweli. Mtu wa namna hiyo hatulizwi na maneno ya kumtia moyo. Anatulizwa na risiti. Piga picha ya risiti ya moramu, piga picha ya lori linamwaga, andika tripu ngapi na bei ya kila tripu, weka grupuni siku hiyohiyo. Kwetu ilichukua michango mitatu ndipo akatoa elfu tano bila kusema kitu. Sijawahi kuona elfu tano yenye uzito kama ile.

Yupo pia anayebisha kwa sababu anapenda kubisha, na anayerusha habari za kutisha usiku bila kujua zimetoka wapi. Huyo wa kwanza mjibu mara moja, kwa ukweli, kisha mwache; moto wa mabua unawaka sana na unazimika upesi. Wa pili muulize tu, kwa upole, "Hii umeipata wapi, ndugu yangu?" Uliza kila mara. Baada ya wiki kadhaa ataanza kujiuliza mwenyewe kabla hajarusha.

Kwenye majukwaa ya majina ya kificho mambo ni mengine. JamiiForums ipo tangu 2006, na Watanzania wengi wameandika huko, kwa majina ya kubuni, mambo ambayo kwa majina yao wasingethubutu. Jina la kificho limewalinda wenye ushahidi, na kwa hilo naliheshimu. Lakini mtu asiye na jina hana shangazi. Hakuna wa kumpigia, hakuna mzee wa ukoo wake wa kumwendea asubuhi. Huko jibu hoja yenye ushahidi, kisha ondoka zako. Usikeshe unatafuta heshima kwa mtu ambaye huwezi kukutana naye Tengeru siku ya soko.

Wapo watakaosema kwamba kutulia ni kunyamazia dhuluma. Hapa nawapeleka upande wa mashariki wa mlima, kwa Wameru. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa kwa nguvu watu wapatao 3,000 kutoka Ngare Nanyuki na Leguruki ili kuwapisha walowezi. Nyumba zao zikachomwa moto. Hakuna hasira halali kuliko ile. Wameru walichangishana fedha, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akafika New York, akasimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa na kuieleza kesi ya watu wake, huku mwanasheria Earle Seaton akiwa upande wao. Ardhi haikurudi mwaka ule. Lakini dunia ilisikia, na Tanganyika ilisikia, miaka miwili kabla TANU haijazaliwa.

Kwa hiyo ukiwa na malalamiko ya kweli, usiyapunguze, yapange. Nini kilitokea, wapi, tarehe gani, kiasi gani, na unataka kifanyike nini. Maji hayajatoka mtaani siku tisa? Andika siku tisa, andika tarehe yalipokatika, andika nyumba ngapi. Ukiongeza tusi moja tu, watu watalijadili lile tusi na maji yatasahaulika. Nimeona hivyo mara nyingi, na kila mara aliyekuwa na haki ndiye aliyeishia kuomba radhi.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo halina sufuria wala kifodi. Mwendo mfupi kutoka Mnara wa Saa, kwenye majengo ya kituo cha mikutano cha AICC, ilikaa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, kuanzia 1995 mpaka ilipofungwa mwishoni mwa 2015. Tarehe 3 Desemba 2003 mahakama ile iliwatia hatiani watu watatu kwa kazi ya maneno: Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza waliohusika na redio RTLM, na Hassan Ngeze, mhariri wa gazeti la Kangura. Rufaa ya mwaka 2007 iliondoa baadhi ya makosa na kupunguza vifungo, lakini wote watatu walibaki na hatia. Redio ile ilipendwa. Ilikuwa na muziki mzuri na utani kati ya nyimbo, na katikati ya utani iliwaita majirani wa wasikilizaji wake mende. Watu walicheka, wakazoea. Aliyekulia Arusha miaka ile aliyaona magari ya mahakama yakipita barabarani, na ndani yake yalikuwa yanabebwa maneno, yaliyoandikwa na kurekodiwa, kama ushahidi wa mauaji.

Mtu akiandika kwenye grupu kwamba kabila fulani wote ni wezi, au dini fulani ni wadudu, wafukuzwe, ushauri wangu wote wa kusubiri unakoma hapo. Jibu saa hiyohiyo, kwa ufupi, kwa jina lako: "Ndugu, hayo hatuyataki hapa." Mstari mmoja unatosha, na wa pili akiuunga mkono, grupu zima linapumua. Admini afute ujumbe. Asubuhi mzee amwendee aliyeandika nyumbani kwake. Kunyamaza kwa wengi ndiko kunakompa mtu wa namna hiyo ukumbi.

Kuhusu polisi na mahakama nina maoni yangu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ilipitishwa 2015, na Arusha iliionja mapema: mwaka 2016 mahakama ya hapa ilimpa kijana mmoja adhabu ya faini ya shilingi milioni 7 au miaka 3 jela kwa maneno aliyoyaandika Facebook juu ya Rais wa wakati ule. Adhabu ile ilizidi kosa, na sidhani kama ilimfundisha mtu yeyote kuzungumza vizuri. Iliwafundisha watu kuogopa, na mwoga hasemi hata lile linalopaswa kusemwa. Vitisho na uchochezi vina mahali pake mbele ya sheria. Ugomvi wa ndugu na majirani upeleke kwa balozi, kwa mzee wa ukoo, kwa mchungaji au shehe, kwa yeyote ambaye pande zote mbili zitampokea akibisha hodi.

Limebaki suala la mwisho wa ugomvi, na hapo ndipo simu imetuharibia zaidi. Waarusha wakishakubaliana walikunywa pombe pamoja, ishara kwamba jambo limekwisha. Wachaga wana jani la sale: aliyekosewa akiletewa jani lile, anajua jambo limefika mahali pa kusameheana, na si rahisi kulikataa. Mmea huohuo unaota kwenye mipaka ya mashamba yetu huku Meru, tunaupita kila siku. Grupu halina jani. Ujumbe wa mwisho unafunikwa na jumbe nyingine na kungoja mtu autafute.

Admini, hii ni kazi yako, na ndiyo sababu ulipewa cheo. Moto ukiwaka, funga grupu waandike maadmini tu. Uwezo huo upo tangu 2018. Sema unafunga mpaka saa ngapi, ili mtu asidhani amenyamazishwa. Usimtoe mtu usiku. Mpigie kila mmoja wa wagomvi kabla hujafungua. Wakipatana, tangaza kwa maneno yanayoeleweka: jambo hili limekwisha, tarehe fulani, na skrinishoti zake zifutwe. Mwenye kulirudisha baada ya hapo aulizwe yeye, wasiulizwe tena wale wawili.

Sisi tulichelewa miezi minne kwa sababu kila mmoja alingoja mwingine aanze. Mwishowe tulikwenda Jumapili baada ya ibada, mimi na binamu wa Unga Limited, na kilo mbili za sukari na majani ya chai. Shangazi alitupokea vizuri, kama anavyopokea wageni, na hilo ndilo lililotuuma: wageni. Tulikaa. Binamu akaiweka simu yake juu ya kitambaa cha kufuma, akaifungua pale orodha ilipo, akamsogezea. Saa mbili na dakika arobaini na saba. Shangazi akaenda chumbani, akarudi na yake. Hakuwa ameifuta ile orodha. Akaivuta juu kwa kidole, polepole, mpaka akaifikia, akailaza kando ya nyingine. Saa mbili na dakika arobaini na saba.

Alizitazama zile simu mbili kwa muda mrefu. Kisha akauliza kama tumekula. Tukasema bado, ingawa tulikuwa tumekula, akatuletea loshoro kwenye bakuli kubwa na vijiko vitatu.

Siku hizi orodha ya mchango kwenye ukoo wetu haikopiwi. Kila mtu anatuma hela na jina kwa mtu mmoja, naye ndiye anayeandika na kurusha grupuni kila baada ya saa moja, na kama kuna aliyerukwa, anampigia simu kabla mwenyewe hajauliza. Mtu huyo ni shangazi wa Ngaramtoni.